Kibali cha CITES cha kusafirisha mbao nje ya nchi: anza na jina la mti, fomu baadaye

Watu wengi wanaoomba kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, huanza na fomu. Mimi nakushauri uiweke pembeni kwanza, kwa sababu ina kisanduku kimoja kitakachokutesa usipojiandaa: jina la kisayansi. Jina la sokoni halifai hapo. "Mahogani" ni Khaya, ni Swietenia, na wauzaji wengine huwabandikia jina hilo hata miti isiyo na undugu nayo. "Tiki ya Afrika" yaweza kuwa Pericopsis elata, au ikawa mvule, Milicia excelsa, mti wa ukoo mwingine kabisa. Kinyume chake, mkongo na mbambakofi ni majina mawili ya mti mmoja, Afzelia quanzensis.

Ukishapata jina unalolidhania, litafute kwenye Viambatisho vya CITES, yaani orodha za spishi za mkataba huo ulioanza kutumika mwaka 1975. Mti ulio Kiambatisho I, kama Dalbergia nigra ya Brazili, hauuzwi kibiashara ukiwa umetoka porini. Ulio Kiambatisho II huuzwa kwa kibali. Kuanzia Januari 2017 jenasi nzima ya Dalbergia (jenasi ni kundi la spishi, yaani aina za miti, zenye undugu wa karibu), mpingo ukiwemo, imeorodheshwa, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliongeza Pterocarpus, Afzelia na Khaya za Afrika. Kwa maneno ya fundi seremala: mninga, mkongo na mkangazi.

Usiishie kwenye jina. Soma na dokezo lenye alama # na namba, linalosema ni bidhaa zipi za mti huo zinazohusika. Dokezo #17, linalozihusu hizo jenasi tatu, linataja magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia (tabaka nyembamba za mbao), plaiwudi na mbao zilizochongwa kwa mashine kama zile za sakafu. Kiti kilichokamilika hakimo. Kwa Dalbergia kuna dokezo #15, lenye misamaha yake: ala za muziki zilizokamilika, kwa mfano, hazihitaji kibali.

Sasa sampuli ya kupeleka maabara ili jina lithibitishwe, na hapa usifanye haraka. Kata kipande kutoka kwenye kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea, mbali na fundo na mbali na sehemu iliyooza au kupakwa rangi. Usichukue kipande kimoja kwa rundo zima: mbao za miti tofauti huchanganywa, wakati mwingine kwa bahati mbaya, wakati mwingine sivyo. Kila kipande kipe namba, namba hiyohiyo iandike kwenye ubao ulikotoka, kisha piga picha vyote viwili. Ukubwa unaotakiwa uulize maabara yenyewe kabla hujashika msumeno.

Ukitaka kujipima kwanza, lainisha ncha ya ubao, pale ulipokatwa kwa kukingama, kwa wembe mkali. Ilowanishe kidogo na uitazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Utaona matundu ya mishipa, miale myembamba, na tishu nyeupe iliyoyazunguka matundu. Kwa Afzelia tishu hiyo huwa na umbo la almasi lenye mabawa pembeni. Msonobari hauna matundu hayo kabisa. Zoezi hili hukusaidia kumshtukia muuzaji, lakini hakuna afisa atakayelipokea kama ushahidi.

Hata hadubini ya maabara mara nyingi huishia kwenye jenasi. Itakwambia "Dalbergia", isikwambie ni ipi. Kwa kujua kama kibali kinahitajika hiyo yatosha, kwa kuwa jenasi nzima imo, ila fomu inataka spishi. Pengo hilo huzibwa kwa vipimo vya vinasaba au vya kemia ya mbao, pamoja na hati zinazoonyesha msitu ulikovunwa mti. Kwa hiyo, unapojaza maombi ya maabara, andika swali lako wazi: je, unataka jenasi, spishi, au asili ya mti? Kila swali lina kipimo chake. Kama maabara iko nje ya nchi, uliza mapema, maana sampuli ya mti ulioorodheshwa nayo yaweza kudaiwa kibali mpakani.

Ripoti ikitoka, ndipo uende kwa Mamlaka ya Usimamizi ya CITES ya nchi yako, ofisi inayotoa vibali. Ambatanisha leseni ya uvunaji, vibali vya kusafirishia mazao ya misitu, risiti za ununuzi, mkataba na mnunuzi, na ripoti ya maabara. Ripoti pekee haitoshi: inathibitisha mti ni upi, haithibitishi kwamba ulikatwa kihalali. Kiasi kiandike kwa mita za ujazo, usihesabu vipande. Alama ya chanzo ni W kwa mti wa porini, na ya dhumuni ni T kwa biashara.

Mamlaka itapima uhalali wa mzigo, na Mamlaka ya Kisayansi, yaani wataalamu wanaoishauri, itasema kama uvunaji huo hauhatarishi uhai wa spishi. Hilo la pili huchukua muda, basi usilipie kontena kabla ya jibu. Kibali cha kusafirisha nje hakizidi miezi 6, ni cha shehena moja, na nakala halisi husafiri na mzigo ikiwa imegongwa muhuri na forodha.

Kikifika mkononi, kisome pale pale kaunta. Linganisha jina la kisayansi, herufi kwa herufi, na lile lililo kwenye ankara, cheti cha afya ya mimea na ripoti ya maabara. Mnunuzi wa Marekani atalihitaji jina hilohilo kwa tamko la Sheria ya Lacey, sheria ya nchi yake inayokataza biashara ya mbao zilizovunwa kiharamu, na wa Umoja wa Ulaya kwa kanuni zao za mbao. Likitofautiana, kirudishe kirekebishwe kabla ubao wa kwanza haujapakiwa.