Helldivers 2: namna ya kuicheza watu wanne bila kumalizana

Helldivers 2, gemu ya risasi ambamo hadi watu wanne hupigana bega kwa bega na wadudu, roboti na viumbe wa anga za mbali, ilitoka tarehe 8 Februari 2024, kazi ya studio ya Arrowhead ya Sweden chini ya Sony, kwa PlayStation 5 na kompyuta. Xbox Series ikafuata Agosti 2025. Gemu ya kwanza, ya 2015, ilitazamwa kutoka juu na wachezaji wote walibanana ndani ya skrini moja. Hii ya pili inakuweka mgongoni mwa askari wako, na kila mtu ana skrini yake. Badiliko hilo ndilo lililoleta utamu wake, na ndilo lililoleta hasara yake kubwa: huwezi tena kukaa sebuleni na ndugu yako mkacheza kwa kifaa kimoja. Skrini haigawanyiki, na bila intaneti gemu haichezeki. Watu wanne maana yake vifaa vinne na nakala nne. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kulipa.

Kabla ya kununua

Anzeni na nchi mliyomo. Mei 2024 Sony ilitaka kila mchezaji wa Steam, duka la gemu za kompyuta, aunganishe akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Huduma hiyo haikuwepo Kenya, Tanzania wala Uganda, na gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo 177. Mchezaji wa Muscat hakuguswa, kwa sababu Oman ina huduma hiyo. Nduguye wa Mombasa akafungiwa mlango. Siku chache baadaye Sony ililighairi sharti lenyewe kwa makelele ya wachezaji, lakini kurudi dukani ni jambo lingine. Kwa hiyo fungua ukurasa wa gemu kwa akaunti yako mwenyewe, uone kama kitufe cha kununua kipo. Ukiuziwa msimbo na mtu wa kati, hakikisha kwanza unakubali kufunguliwa nchini mwako. Msimbo wa eneo jingine ni pesa iliyopotea.

Halafu diski. Kwa muda mrefu toleo la kompyuta lilikula takriban GB 154, kwa sababu mafaili yaleyale yalirudufiwa mara nyingi ili diski za kuzunguka ziyasome haraka. Desemba 2025 studio ilitoa toleo lililopunguzwa hadi takriban GB 23. Kwa anayepakua kwa bando, hiyo ndiyo tofauti ya kucheza na kutocheza. Soma ukubwa Steam inaokuonyesha kabla ya kubonyeza kupakua. Ikionyesha zaidi ya GB 100, simama, utafute toleo dogo.

Misimbo: ishike mikononi

Kila mchezaji huingia misheni na stratajemu nne: silaha nzito, mabomu ya ndege, mizinga ya kujiendesha na kadhalika. Kila moja huitwa kwa kubonyeza mishale kwa mpangilio wake. Zaidi ya hizo nne, hizi mbili kila mtu anazo, na mambo yakiwa magumu ndizo zitakazowaokoa:

- Kumrudisha mwenzako aliyekufa: juu, chini, kulia, kushoto, juu.
- Kuitisha risasi: chini, chini, juu, kulia.

Kwenye kompyuta, mishale hiyo kwa kawaida ni vitufe vilevile vya kutembelea, kwa hiyo ukiandika msimbo unasimama kama nguzo, na adui hasubiri. Nenda kwenye mipangilio uihamishie kwenye vitufe vya mishale. Utaweza kukimbia huku ukiandika. Ni badiliko la dakika mbili, na hakuna jingine linaloongeza uhai wako kiasi hicho.

Risasi zako zinaua wenzako

Hapa ndipo gemu inapopata roho yake. Risasi, moto, mabomu, hata sanduku la msaada linaloshuka kutoka angani, vyote huua rafiki sawasawa na adui, na hakuna mahali pa kulizima hilo. Wengi huliona kosa la muundo mwanzoni. Si kosa. Ndilo linalowalazimisha kuongea, na kikosi kisichoongea hapa hakifiki mbali.

Desturi ziwe hizi. Anayetupa bomu aseme jina lake na upande kabla ya kulirusha: "ndege, kulia, rudini." Aliye mbele apige goti au alale, ili wa nyuma afyatue juu ya kichwa chake. Mzinga wa kujiendesha uwekwe pembeni au mahali palipoinuka, kamwe si nyuma ya watu, kwa sababu haujali nani yupo kati yake na adui. Ule wa kombora la kupinda ni hatari zaidi: hulenga adui aliye mbali, adui akikukimbilia kombora linamfuata hadi miguuni pako. Huo msiuweke kama mmezoea kupigana karibu karibu.

Jifunzeni pia mwelekeo wa ndege. Shambulio la kawaida la mabomu (juu, kulia, chini, kulia) hupita kwa upana, kukatiza mbele ya aliyerusha. Lile la mtutu wa rasharasha hunyooka kutoka kwako kwenda mbele. Mwenzako akiwa umbali uleule na shabaha lakini ubavuni, la kwanza litamfikia, la pili litampita. Kuchanganya haya mawili ni njia rahisi ya kuuana.

Kugawana kazi

Kosa la vikosi vipya ni wote wanne kubeba bunduki rasharasha. Mnafyeka wadudu wadogo vizuri sana, kisha anakuja Charger, mdudu mkubwa kama faru mwenye gamba gumu, na hakuna anayeweza kumtoboa. Dhidi ya Terminids, yaani hao wadudu, kwenye ngazi ya ugumu ya 5 au 6, angalau wawili wawe na silaha ya kutoboa chuma. EAT-17, kirusha roketi (chini, chini, kushoto, juu, kulia), inafaa kuanzia: hushuka mbili kwa pamoja, kila moja hupigwa mara moja na kutupwa, kwa hiyo moja mpe mwenzako. Wa tatu achukue rasharasha, wa nne mizinga au mabomu ya ndege.

Silaha kama autokanoni hupendeza zaidi ikibebwa na wawili. Ina risasi kumi, hujazwa kwa vibebeo vya tano tano, na mzigo wa risasi hukaa mgongoni. Ukimpa mwenzako mzigo huo akasimama ubavuni pako, yeye ndiye anayejaza, na wewe kazi yako ni kufyatua tu. Shida yake: akifa, au akikimbia peke yake, wewe umebaki na chuma kitupu. Fanyeni hivyo mnapolinda sehemu moja tu.

Viota vya wadudu na karakana za Automatons, yaani roboti, hufungwa kwa bomu la mkono: kwenye shimo kwa wadudu, kwenye tundu la hewa kwa roboti. Chombo cha Illuminate, wale viumbe wa anga za mbali, kina ngao; ivunjeni kwanza kwa risasi, ndipo bomu lipite mlangoni.

Risasi, uhai na sampuli

Sanduku la risasi lina vifurushi vinne, na muda wa kusubiri jingine ni wa kikosi kizima. Mtu mmoja akichukua viwili, mwingine atakufa dakika tatu baadaye akiwa na bastola. Kimoja kimoja, hata kama mwenzenu yuko mbali: mwachieni chake.

Uhai wa akiba ni wa wote pia: matano kwa kila mchezaji, yaani 20 mkiwa wanne. Unapomrudisha mtu, usirushe katikati ya kundi la adui. Rusha karibu na mahali silaha yake ilipoanguka, naye ataelekeza kapsuli anayoshuka nayo.

Sampuli za kuboresha meli hugawiwa wote zikifika chomboni, nani alizibeba si hoja. Za nadra huanza ngazi ya 4, za juu kabisa ngazi ya 6. Ukifa, zinaanguka ulipofia. Mkipita karibu na uwanja wa kuondokea mapema, zitueni hapo, mtazichukua mkirudi. Na kumbukeni: kazi kuu ikikamilika misheni imefaulu hata kama hakuna aliyetoka hai, ila sampuli zimekwenda.

Dosari za kuishi nazo

Nguvu za silaha hubadilika kwa masasisho. Agosti 2024 hasira zilifika kileleni kwa silaha kupunguzwa makali, studio ikaahidi siku 60 za marekebisho, na sasisho la 17 Septemba likazirudishia nyingi nguvu. Tazama tarehe ya ushauri wowote wa silaha kabla ya kuufuata. Wa katikati ya 2024 haufai tena.

Vifurushi vya Warbond, vyenye silaha na mavazi mapya, vingi vinagharimu Super Credits 1,000, sarafu ya ndani ya gemu. Sifa yake ni kwamba havipitwi na wakati, na sarafu hizo huokotwa misheni, kumi kumi, ngazi za chini kabisa zikiwa rahisi zaidi. Mahandaki ya milango miwili, ambamo nazo hupatikana, hufunguliwa na watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, basi nendeni angalau wawili.

Gemu pia huanguka katikati ya misheni, hasa baada ya sasisho kubwa. Kabla ya kuanza, mwenye chumba akiweke kwa marafiki pekee. Akitoka mmoja, kiti chake hakichukuliwi na mgeni, na akifungua tena anajiunga kupitia orodha ya marafiki.