Dumu la dawa ya kuoshea skrini: namna ninavyolikagua kabla ya kulifungua

Karakana yangu ni chumba kimoja Buguruni, mita 4 kwa 5, paa la bati. Ina meza mbili za kuchapia fulana na sinki la zege la kuoshea fremu. Kila baada ya wiki mbili linaingia dumu la lita 20 la dawa ya kutoa wino kwenye skrini, ule wavu uliobanwa kwenye fremu ambao wino hupitia kufika kwenye fulana. Mafundi wote huiita tina, nami niliiita hivyo miaka mingi, mpaka kijana wangu wa kuosha fremu alipoanza kulalamika kichwa kila jioni na mikono ikawa inapasuka katikati ya vidole. Nikamnunulia barakoa za kitambaa. Kichwa kikaendelea vilevile. Kosa langu lilikuwa wapi, nitafika huko.

Tina ni jina la mtaani, na ndani ya dumu linaweza kuwamo lolote. Ukitaka kujua umeuziwa nini, tafuta namba ya CAS kwenye lebo. Kila kemikali ina ya kwake, na haibadiliki hata muuzaji akibadilisha jina la bidhaa mara kumi. Ya kwangu ilisomeka 111-76-2, yaani 2-butoksiethanoli, mmoja wa ukoo wa glaikoli etha. Wengine huiita butili glaikoli. Utaikuta kwenye rangi za maji, sabuni za vioo na dawa za kutoa mafuta sakafuni.

Namba yenyewe unaweza kuihakiki kwa kalamu. Iache tarakimu ya mwisho, kisha anzia kulia: 6 mara 1, 7 mara 2, 1 mara 3, 1 mara 4, 1 mara 5. Jumla ni 32. Inaishia na 2, na namba nayo inaishia na 2, basi imekaa sawa. Safari moja nililetewa dumu lililoandikwa kwa maka peni 111-67-2. Nilipopiga hesabu nikapata 31. Muuzaji akacheka, "Dada, ni zilezile tu, mwandishi kachanganya." Inawezekana. Lakini aliyechanganya namba anaweza pia kuchanganya madumu, kwa hiyo lilirudi kwenye bodaboda lililokuja nayo.

Kwenye ukoo huu ndugu hawafanani tabia. Ukiona 109-86-4 (methoksiethanoli) au 110-80-5 (ethoksiethanoli), usilipokee. Hizo mbili zinajulikana kudhuru korodani na mtoto aliye tumboni, na Ulaya zimewekwa kwenye kundi la kemikali zinazodhuru uzazi. Butoksi haimo kundi hilo. Yenyewe hugeuzwa mwilini kuwa asidi ya butoksiasetiki, na asidi hiyo ndiyo inayopasua chembe nyekundu za damu. Panya huathirika haraka sana. Damu ya binadamu inastahimili zaidi, ila waliowahi kuinywa kwa wingi walifika hospitali katika hali mbaya. Kuhusu saratani, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kundi la 3: ushahidi hautoshi kuiainisha kwa binadamu. Usisome hapo kwamba imethibitishwa kuwa salama.

Hatua inayofuata ni kudai karatasi ya taarifa za usalama. Ina sehemu 16. Hapa Tanzania biashara ya kemikali za viwandani na majumbani ina sheria yake, Na. 3 ya 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Muuzaji aliyesajiliwa hashangai ukiidai karatasi. Anayeshangaa nimeshamjua.

Siisomi kuanzia juu. Naanza sehemu ya 3, mchanganyiko. Ikiandikwa asilimia 30 hadi 60, mimi nahesabu 60. Kisha naruka hadi ya 8, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Ulaya inaruhusu wastani wa sehemu 20 za mvuke kwa milioni ya hewa kwa saa 8, sawa na miligramu 98 kwa mita ya ujazo. OSHA ya Marekani, wakala wao wa usalama kazini (si hii ya kwetu, majina tu yamefanana), inaruhusu 50. NIOSH, taasisi ya utafiti ya Wamarekani haohao, inapendekeza 5. Mimi hufuata 20 kama ukuta na 5 kama lengo. Lakini pembeni ya vikomo hivyo kuna neno moja ambalo nililipita kila mara: ngozi. Maana yake kemikali hii inapenya kwenye ngozi mpaka kwenye damu. Kijana wangu alikuwa kavaa barakoa huku mikono imezama kwenye dawa hadi kwenye kiwiko.

Na barakoa yenyewe haikuwa na kazi. Kitambaa huzuia vumbi, mvuke unapita kama hakipo. Kinachohitajika ni kinyago cha mpira chenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Vya Ulaya vina herufi A na mstari wa kahawia, vya Marekani vina rangi nyeusi. Kwa mikono, glavu za butili ndizo bora. Nitraili nene inatosha kwa kazi ya muda mfupi. Zile nyembamba za hospitali hazifai kuchovya. Glavu ikilowa kwa ndani inatupwa, maana sasa inakubandikia dawa kwenye ngozi mchana kutwa.

Sasa hewa. Karakana zetu hatuna vipimo vya mvuke, lakini mizani ya jikoni tunayo. Chumba changu kina urefu wa mita 3 kwenda juu, kwa hiyo ni mita za ujazo 60. Zidisha kwa miligramu 98: chini kidogo ya gramu 6. Yaani kijiko cha chai na kidogo juu yake, kikikauka chote kwenye chumba kilichofungwa, kinafikisha kikomo cha Ulaya. Nilipoipata hesabu hiyo niliirudia mara tatu.

Siku ya kazi nilipima dawa niliyomgawia kijana, gramu 900. Baada ya saa 3 nikapima iliyobaki, iliyotumika kwenye kopo lenye mfuniko, na matambara ndani ya mfuko uliofungwa, nikatoa uzito wa matambara makavu. Pungufu gramu 300. Gramu 100 kila saa zilikuwa zimekwenda hewani, pengine zaidi, maana wino uliotoka kwenye skrini unaongeza uzito wa kilichorudi. Feni yangu ya kuvuta nje imeandikwa mita za ujazo 600 kwa saa. Gawanya: miligramu 167 kwa mita ya ujazo, kama sehemu 34 kwa milioni. Ukuta umerukwa, na hiyo ni ikiwa hewa imechanganyika vizuri chumba kizima. Mbele ya uso wa anayesugua ni zaidi.

Nilibadilisha vitu vitatu. Chupa ya kupuliza ikaondoka, tukaweka brashi na kikopo kidogo. Matambara yakapata ndoo ya chuma yenye mfuniko. Feni ikashushwa kutoka juu ya dirisha ikawekwa ukutani nyuma ya sinki, ili mvuke uvutwe kwenda mbele ya mwoshaji, usipite puani kwake. Pangaboi tunaizima wakati wa kuosha, inakoroga tu. Kupima tena kukatoa gramu 30 kwa saa, karibu sehemu 10 kwa milioni. Bado hatujafika 5, ndiyo maana kinyago hakijaondoka.

Usitegemee pua. Harufu ya butoksi si kali, na baada ya nusu saa pua imeshazoea.

Sehemu ya 9 watu huiruka, na kwa joto la Dar ni hatari kuiruka. Tafuta joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na cheche. Butoksi ni nyuzi 60 na kitu. Muuzaji mmoja alinishauri nihamie 107-98-2, methoksi propanoli, "haina madhara, Ulaya wanaitumia." Ni kweli kwa mwili ni afadhali, kikomo chake huko ni sehemu 100. Lakini yenyewe inashika moto kwenye nyuzi 31. Mchana wa Januari chini ya bati langu kipimajoto kinasoma zaidi ya hapo, na hatua tatu kutoka sinki kuna mashine ya kukaushia fulana. Nilikataa. Mwenye chumba chenye kiyoyozi na hana moto karibu anaweza kuamua vingine.

Kwa mfanyakazi mwenyewe, kipimo chenye maana hasa ni asidi ya butoksiasetiki kwenye mkojo wa mwisho wa zamu, ambacho zahanati ya mtaani haina. FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, inafanyika popote, na wingi wa damu ukishuka bila sababu nyingine ni ishara ya kumwondoa mtu kwenye sinki kwanza, maswali baadaye. Mjamzito haoshi fremu kwangu, hata akisema anaweza. Ikiruka jichoni, maji yanayotiririka dakika 15. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali pamoja na lebo.

Mazingira, sehemu ya 12, husomeka vizuri kupita kiasi: huoza kwa bakteria, hairundikani kwenye samaki, na huua samaki kwa kiwango kikubwa tu. Yote ni kweli kwa dawa safi. Inayotoka kwenye sinki langu imebeba wino na gundi ya skrini, na karatasi haikuandikwa kwa ajili ya hiyo. Tena butoksi huchanganyika na maji kabisa na haing'ang'anii udongo, kwa hiyo ukiimwaga uani inateremka kuelekea kisima, na Buguruni visima tunavyo. Mtaro wetu nao unaelekea mto Msimbazi. Dawa chafu naiacha itulie siku mbili, ya juu naitumia tena kwa osho la kwanza, tope linaingia dumu lenye lebo "taka" mpaka aje mzoaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Kulichoma ni kuwapelekea majirani moshi.

Dumu likiisha, nalitoboa kwa patasi sehemu nne kabla halijavuka mlango. Si kwa msumari wa moto, kuna mvuke ndani. Mama lishe wa jirani alishaniomba mara mbili, anataka la kuchotea maji.