SOMO: Leseni ya msimbo haifuniki data, kila kimoja kipe yake

Wakuu, unakuta mtu katengeneza programu nzuri kabisa kaiachia huria, kaweka faili moja la leseni ya MIT (leseni fupi ya programu inayoruhusu karibu kila matumizi ya msimbo), halafu ndani kuna folda ya data imejaa majina ya miji, ramani na fonti alizozokota huku na huko. Hiyo MIT inahusu alichoandika yeye tu. Huwezi kugawa ruhusa ambayo wewe mwenyewe hujapewa.

Hatua ya 1. Orodhesha kila kitu ambacho hukukiandika wewe: kimetoka wapi, cha nani, leseni gani na toleo gani. Toleo usilidharau, mfano kazi yenye CC BY-SA 4.0 (moja ya leseni za Creative Commons, shirika la leseni za maandishi, picha na data) unaweza kuihamishia kwenye GPLv3 (leseni ya programu) lakini yenye CC BY-SA 3.0 huwezi. Faili likiwa halina leseni popote, usijipe moyo kwamba ni la bure, haki zote bado ni za mwenyewe.

Hatua ya 2. Msimbo wako upe leseni ya programu. MIT, Apache 2.0 (mi napendelea hii kwa sababu inataja mpaka hataza, yaani haki za uvumbuzi), au GPL kama unataka atakayesambaza toleo alilorekebisha naye aachie msimbo wake. Creative Commons usiweke kwenye msimbo, wenyewe wanashauri hivyo.

Hatua ya 3. Data, na hapa ndo penye kazi. Uliyokusanya mwenyewe ipe CC0 (watumie bila masharti) au CC BY 4.0 (watumie ila wakutaje), ya watu ibaki na yake. Chukua mfano wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochangiwa na watu, tangu 2012 data yao iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata. Ukichukua majina ya barabara humo ukayachanganya na ya kwako kwenye jedwali moja ukaligawa, jedwali lote linafuata ODbL na lazima uwataje wachangiaji wao, ila msimbo unaolisoma unabaki na Apache yako. Ndo maana nasisitiza data ikae folda yake, usiipachike katikati ya msimbo maana siku ya kuzitenganisha utalia.

Hatua ya 4. Maandishi ya leseni zote yaweke kwenye folda ya LICENSES, na juu ya kila faili la msimbo mstari mmoja wa SPDX, mtindo sanifu wa kutaja leseni:

SPDX-License-Identifier: Apache-2.0

CSV (faili la jedwali la data) haina pa kuandika hivyo, so miji.csv iwekee pembeni miji.csv.license. Kwenye README (faili la maelezo ya programu) sema wazi msimbo ni leseni ipi na data ni ipi.

MASWALI

*Mkuu, jina la mji ni la nani kwani? Si ukweli tu?*
Marekani kesi ya Feist ya 1991 ilisema ukweli mtupu hauna hakimiliki, ila uchaguzi na mpangilio wenye ubunifu unalindwa. Umoja wa Ulaya wana agizo la 1996 linalolinda hifadhidata iliyogharimiwa, hata kama ndani ni ukweli mtupu. Programu yako itapakuliwa kote huko.

*Data yangu ina leseni yenye NC (hairuhusu biashara) lakini mi siuzi chochote, kuna shida?*
Ipo, maana atakayechukua kwako anaweza kuuza na leseni huria haimkatazi. Itoe, weka skripti ya kuipakua ili mtumiaji aichukue mwenyewe kwa mwenye nayo.

*Nishaachia toleo lenye data ya watu, nikilifuta faili yanaisha?*
Hapana, kwenye historia ya git (chombo kinachotunza matoleo yote ya msimbo) bado limo. Safisha historia na git filter-repo, ondoa na vifurushi vya zamani ulivyopandisha, halafu wajulishe waliokwisha kunakili.