Pakiti imeandikwa soybeans: namna ya kuisoma na kuifikisha kwenye uji

Natengeneza unga wa lishe hapa Masasi. Akina mama huniletea picha ya pakiti kwenye simu na kuniuliza, "Dada, hapa wameandika soybeans. Ndiyo soya yetu hii au kitu kingine?" Ndiyo, ni soya. Ila neno hilo pekee halitoshi kukuambia kama kilichomo kinafaa kwenye uji wa mtoto, kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Soma neno lenyewe

Soybeans na soya beans ni kitu kimoja. Wamarekani huandika la kwanza, Waingereza la pili, sisi tumechukua mwanzo tu: soya. Neno lilitoka Japani, kwenye shoyu, ule mchuzi mweusi wa chumvi. Waholanzi wakaliita soja, na katika karne ya 17 likafika Uingereza. Kwa hiyo mchuzi ndio uliotangulia kuitwa hivyo, punje ikarithi jina.

Usiitafsiri beans ukafikiria maharage ya nazi. Soya ni jamii ya mikunde kama mbaazi na kunde, lakini jikoni ina tabia zake. Katika gramu 100 za soya kavu, protini ni kama gramu 36 na mafuta karibu gramu 20. Mbaazi ina protini kama gramu 20 na mafuta kidogo sana. Yakumbuke hayo mafuta, tutakutana nayo mashineni.

Na wanaosema soya ni mgeni huku kusini, niwakumbushe Nachingwea. Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 uliachwa 1951, lakini utafiti wa mazao ulibaki pale, na mbegu za soya zilifanyiwa kazi hapohapo Lindi miaka ya 1950 na 1960.

Hatua ya 2: Soma neno linalofuata

Hapa ndipo watu wanapoumia. Flour ni unga, oil ni mafuta, chunks ni vile vipande vikavu tunavyoviita nyama ya soya. Hayo hayana shida. Neno la kuogopa ni meal. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza gunia la soybean meal kwa simu. Kamusi ilinipa maana ya mlo, na bei ilikuwa nzuri. Gunia lilipofika nikakuta mashudu, yaani mabaki ya soya iliyokwisha kukamuliwa mafuta, ya kulishia kuku. Fedha ya mtaji ikaishia bandani kwa jirani yangu mfugaji. Ukiona soybean meal, jua ni mashudu, uyaache kwa wafugaji.

Hatua ya 3: Uliza, imepita motoni?

Pakiti nyingi hazisemi, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Soya mbichi ina viini vya asili vinavyozuia tumbo kusaga protini. Moto ndio unaoviua. Mteja wangu mmoja alinunua punje sokoni, akazipeleka mashineni zikiwa mbichi, akawapikia watoto uji wa haraka. Matumbo yakajaa gesi, wakaharisha. Unga ulikuwa mzuri kwa macho, mweupe na laini. Muuzaji asipoweza kukuambia unga wake ulichemshwa au la, nunua punje utengeneze mwenyewe.

Hatua ya 4: Andaa punje

Chambua kwanza: toa mawe, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Osha. Chemsha maji lita 4 kwa kila kilo 1 ya soya, na utie punje maji yakiwa yanatokota. Ukizianzisha kwenye maji baridi, ile harufu ya majani mabichi inabaki mpaka kwenye kikombe. Zikianza kutokota tena, hesabu dakika 30 kwa saa, si kwa kukadiria.

Mwaga maji, tia ya baridi, zisugue kwa viganja maganda yaachie na kuelea. Najua wenzangu wa Newala na Tandahimba maji mnayanunua kwa ndoo. Ganda si sumu. Maji yakiwa haba, liache, unga utakuwa na chenga kidogo tu. Kwenye kuchemsha ndipo usibane.

Anika juu ya turubai safi, mbali na kuku, mpaka punje ukiing'ata ivunjike kwa mlio. Kisha kaanga kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha, hadi iwe kahawia hafifu na inukie kama karanga. Ikiwa nyeusi, uji utakuwa mchungu.

Hatua ya 5: Mashineni

Usipeleke soya peke yake. Mafuta yake yanaziba chekecheo na mwenye mashine atakukasirikia, kwa haki. Changanya kabisa kabla ya kusaga: kilo 3 za mahindi au mtama kwa kilo 1 ya soya. Mwombe asafishe mashine kwanza. Karanga na korosho mimi siweki humo, kwa sababu unga unachacha upesi. Twanga kidogo, utie kwenye sufuria siku ya kupika.

Hatua ya 6: Pika na hifadhi

Koroga unga kwa maji baridi, tia kwenye maji ya moto, acha uchemke dakika 15 au 20 ukikoroga. Mtoto aliyetimiza miezi sita ndiye anayeanza uji, akiendelea kunyonya, na mara ya kwanza mpe vijiko vichache umwangalie, maana wapo watoto ambao soya huwaletea mzio. Akitoka vipele, akivimba midomo au akapumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya.

Saga unga wa mwezi mmoja tu. Uweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, mbali na joto la jiko. Ukinusa harufu kama ya mafuta yaliyokaa, usiupike.

Ukiuuza, bandika karatasi kwa Kiswahili: mahindi, soya iliyochemshwa na kukaangwa, na tarehe ya kusaga. Neno "iliyochemshwa" liandike kwa herufi kubwa.