Namna ya Kuvuta Pumzi Kabla ya Kupiga Mbizi

Mzamiaji wa Lamu anayevua kamba wa baharini, kabla ya kupiga mbizi, na aweke kiganja juu ya kitovu na kuvuta pumzi taratibu hadi kiganja kinyanyuke, kwani hapo kiwambo kilicho chini ya mapafu kimeshuka, na hewa imefika kwenye vifuko vidogo vyenye kuta nyembamba mno, ambamo oksijeni huingia katika damu na kaboni dayoksaidi hutoka. Asiheme upesi upesi. Kuhema huko hakuongezi oksijeni ya maana, bali hupunguza kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo humhimiza mtu kupumua. Basi aweza kuzimia majini bila kuhisi haja ya kuibuka, na hiyo, kwangu, ndiyo hatari ya kuogopwa zaidi. Mwenziwe aliye mashuani asimwondolee macho.