Unataka kujenga ghorofa la kupaki magari Posta au Kariakoo? Anza na rampu

Mtu akipata kiwanja katikati ya Dar na wazo la ghorofa la maegesho, cha kwanza anauliza litaingiza magari mangapi. Sawa, ila mimi ningeuliza pia litafanya kazi gani magari yakipungua, maana mabasi ya mwendokasi yapo barabarani tangu 2016 na njia zinaongezwa, na jengo la zege linakaa miaka 50 na zaidi wakati biashara ya paking hujui itakuwaje baada ya miaka 15.

Kuhesabu usiruke lakini. Weka vijana wawili mtaani siku ya kazi, saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, waandike namba za magari kila saa, utamjua anayepaki nusu saa anachukua kitenge chake anasepa na yule anayeacha gari kutwa nzima, hao bei yao haiwezi kuwa moja.

Halafu pima kiwanja. Kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30 ukijumlisha na njia za kupita. Sasa chukua kiwanja cha mita 15 kwa 25: rampu (njia ya mteremko ya kupandishia magari) ya kupanda ghorofa moja la mita 3.6 kwa mwinuko wa asilimia 12 inataka urefu wa mita 30, upana weka mita 3.5, na unahitaji ya kupandia na ya kushukia, hapo zaidi ya nusu ya sakafu imeshaondoka na gari hata moja halijapaki. Ungana na jirani au achana na hilo wazo.

Rampu ndiyo inaamua kila kitu. Wachoraji wengi wanapenda kuinamisha sakafu zenyewe, magari yanapaki hapohapo kwenye mteremko, nafasi inaokolewa kweli, ila sakafu iliyoinama hutaigeuza ofisi wala hosteli milele, labda uvunje. Dai sakafu bapa zote (mteremko mdogo wa asilimia 1 au 1.5 wa kutoa maji haudhuru, baadaye unasawazishwa) na rampu ikae pembeni, isimame kwa nguzo zake yenyewe, siku ukiibomoa jengo lisitikisike. Kule Cincinnati, Marekani, makao makuu ya kampuni ya kuchambua data iitwayo 84.51° yaliyofunguliwa 2015 yana ghorofa tatu za maegesho zilizochorwa kwa sakafu bapa ili zije kuwa ofisi.

Urefu nao. Gari dogo linapita kwenye mita 2.2, kwa hiyo fundi atakushauri ghorofa hadi ghorofa mita 3 au pungufu, hela ibaki. Kataa, weka 3.6 hadi 4, kwa sababu ofisi inataka dari, mabomba na AC. Ndiyo, gharama inapanda na rampu inarefuka, hiyo ndiyo bei ya kuwa na uhuru baadaye.

Basement karibu na bahari mimi sishauri, utapambana na maji ya ardhini na pampu kila masika. Chini weka fremu za maduka upande wa barabara, na nafasi ya bodaboda na bajaji, hao wapo tu hata usipowapangia. Kuta ziache wazi hewa ipite yenyewe, feni za kutoa moshi zinakula umeme bure, ila upepo wa Dar una chumvi na unakula nondo, kwa hiyo zege la kufunika nondo lisiwe chini ya milimita 40. Juu sola na tanki la maji ya mvua ya kuoshea sakafu. Bomba tupu za waya za kuchajia pitisha sasa, hata kama chaja utaweka mwaka mwingine, bajaji za umeme zimeshaanza kuonekana.

La mwisho ni uzito, na hapa watu hushangaa. Magari madogo huhesabiwa kama kilo 250 kwa mita ya mraba, ofisi ni hapohapo au 300, ila maduka ni 400 kwenda juu na stoo 750 na zaidi. Na Kariakoo tunaijua, nafasi ikipatikana tu inajazwa marobota. Baada ya ghorofa kuanguka pale Novemba 2024 sidhani kama kuna wa kuelezwa kwa nini matumizi hayabadilishwi kienyeji. Mwambie injinia achague ghorofa zipi zitabeba stoo, azipe nondo zake tangu mwanzo, kisha aandike kilo za kila sakafu kwenye mchoro, na bango la chuma lenye namba hiyohiyo lipigwe ukutani kila ghorofa.