"Outstanding" kwenye bili si sifa

Wengi wetu tulilijua neno "outstanding" kwenye ripoti za shule, likimaanisha bora kupita wengine. Ndiyo maana mtu akiliona kwenye bili ya maji au karatasi ya mkopo, "outstanding balance", anaweza kudhani anapongezwa kwa kulipa vizuri. Kumbe anadaiwa. Hapo neno linamaanisha kilichobaki, ambacho bado hakijalipwa.

Kabla ya kukimbilia kamusi, tazama neno linalolifuata. Likiwa mtu, kama "outstanding student", hiyo ni sifa. Likiwa la fedha, kama "amount", "loan" au "balance", ni deni.

Penye utata kweli ni "outstanding work". Inaweza kuwa kazi bora, au kiporo cha kazi ambacho hakijamalizwa. Hapa neno la jirani peke yake halitoshi, soma sentensi nzima. Ukikuta tarehe ya mwisho au ombi la kukamilisha, ni kiporo. Ukikuta shukrani au tuzo, ni sifa. Kisha jaribu kuweka Kiswahili mahali pake: "tafadhali maliza kazi bora kabla ya Ijumaa" haikai sawa, "maliza kazi iliyobaki" inakaa.

Akili hii tunayo tayari. Ukiambiwa "amepanda mwembe", hujui kama ameotesha mche au yuko juu ya matawi. Ukisikia "akaumwagilia maji", umeshajua. Kwa Kiingereza pia, usiamue maana kabla sentensi haijaisha.